Pigo Halimo Ndani ya Ngoma

Nimeambiwa tena kwamba ngoma ikinyamaza, pigo nalo limekwisha. Safari hii ni mpiga besi, kijana mwenye masikio mazuri kabisa. Jumamosi tulikuwa mazoezini tukipitia rumba ya taratibu, na kama tulivyopanga, mpiga dramu akanyamaza kwa baa nne ili sauti za waimbaji zibaki peke yake. Besi ikasimama. Nikamuuliza kulikoni. "Mwalimu, mapigo yamekatika."

Hayakukatika! Ngoma ndiyo iliyonyamaza. Mapigo yaliendelea, waimbaji walikuwa juu yake, na hata kisigino cha kijana mwenyewe kilikuwa bado kinagonga sakafu. Nilikiona.

Nimelisikia jambo hili kwa wanakwaya, kwa vijana wa studio, na kwa mwalimu mwenzangu aliyekuwa akimwambia mtoto wa darasa la tano: "Sikiliza ngoma kubwa. Ikilia, hapo ndipo penye pigo." Mtoto yule alitii, akapiga makofi kila ngoma kubwa ilipolia, na kila mtu ukumbini akamwona kama asiye na sikio la muziki. Alikuwa nalo. Alifuata alichofundishwa, na alichofundishwa ni kosa.

Niyapitie haraka maneno yenyewe. Pigo ni pale ambapo mwili unangoja, kwa nafasi zinazolingana. Mdundo ni mpangilio wa sauti juu ya hizo nafasi, kati yake, na mara nyingi kwa kuzikwepa. Mwendo ni kasi ya mapigo. Baa ni kundi la mapigo lenye moja yake, yaani pigo linaloanzisha kundi. Anayepiga ala yoyote ameshakutana na haya, na sitakaa hapo.

Nadhani neno lenyewe linatuponza. Pigo limetokana na kupiga, na kikipigwa kitu lazima kilie. Kwa hiyo tunaamini kisicholia hakijapigwa. Halafu wakaja watu wa studio na "biti", wakimaanisha muziki mzima unaolala chini ya sauti ya mwimbaji: dramu, besi, kinanda, vyote. "Nitumie biti nirekodi." Sina ugomvi na neno hilo, linafanya kazi yake vizuri studioni. Ugomvi wangu unaanza pale mtu anapolileta darasani akidhani biti ya studio na pigo ninalolizungumzia mimi ni kitu kimoja.

Chukua ile rumba yetu ya Jumamosi. Ndani yake mna klave, ule mpangilio wa vijiti uliotoka Cuba na kuja Afrika kwenye sahani za santuri miaka ya 1930, ukakaa Kongo, kisha ukatufikia huku kwenye dansi. Gawa mzunguko mmoja katika chembe 16, maana mimi vile vipande vidogo kabisa huviita chembe. Miguu inakanyaga kwenye chembe ya 1, ya 5, ya 9 na ya 13. Hayo ndiyo mapigo manne. Vijiti vinalia kwenye ya 1, ya 4, ya 7, ya 11 na ya 13. Hesabu mwenyewe: sauti tano, na zinazokutana na mguu ni mbili tu, ya kwanza na ya mwisho. Pigo la pili na la tatu hayana kijiti. Anayefuata sauti ya vijiti akidhani ndiyo mapigo atajikuta anatembea kama aliyeingiwa na kokoto kiatuni. Na utamu wa klave umo humo humo, katika zile sauti tatu zinazoukwepa mguu. Ukiuondoa mguu, hakuna cha kukwepwa, na rumba yote inalala.

Sasa nije kwenye linaloniudhi hasa, chakacha, ile ngoma ya harusi za pwani, na ndugu zake wote wa sita kwa nane, yaani wenye chembe sita katika kila baa.

Weka mikono miwili juu ya meza. Hesabu chembe sita, moja hadi sita, bila kusimama. Mkono wa kulia ugonge kwenye 1, 3 na 5. Wa kushoto ugonge kwenye 1 na 4. Wanafunzi wengi hukwama hapa kwa wiki nzima, wanapiga hesabu mpaka jasho linawatoka, nami nimeacha kuwahesabisha. Ninawapa maneno: "nipe ndizi". Yaseme kwa kuyarudia, "ndi" na "zi" uzivute mara mbili ya "ni" na "pe": nipe ndii-zii, nipe ndii-zii. "Ni" ni mkono wa kulia. "Pe" ni wa kushoto. "Ndi" ni wa kulia tena. "Zi" ni mikono yote miwili kwa pamoja. Basi, tatu juu ya mbili unazo. Watoto wa miaka 7 huzipata kabla chai haijapoa.

Lakini usiishie kwenye mikono. Endelea kuyasema maneno hayo, kisha simama ukanyage pamoja na mkono wa kushoto tu. Mguu utaanguka kwenye "pe" na kwenye "zi". Sasa jisikilize: katika "nipe ndizi", silabi yenye nguvu kuliko zote ni ipi? Ni "ndi". Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mdomo unaegemea "ndi", unaivuta, unaipandisha. Na mguu haupo hapo. Mguu uko kwenye silabi mbili dhaifu. Sauti kubwa iko mahali pake, pigo mahali pake, na wewe mwenyewe umezibeba zote mbili katika mwili mmoja bila kuumia popote.

Kisha badili. Maneno yale yale, kwa mwendo ule ule, ila ukanyage pamoja na mkono wa kulia: "ni", "ndi", "zi". Hakuna sauti iliyobadilika hata moja, ila wimbo umegeuka. Wa kwanza ulikuwa unayumba, huu unazunguka. Kama pigo lingekuwa ndani ya sauti, hili lisingewezekana, maana sauti hatukuzigusa. Tulichohamisha ni mguu.

Ndiyo maana kwenye harusi, mgeni akitaka kujua pigo la chakacha, namwambia asiangalie mikono ya mpiga chapuo, ile ngoma ndogo. Chapuo kazi yake ni kusema maneno mengi. Hata vumi, ile ngoma kubwa, pamoja na ule uzito wake wote, mara nyingi linaingia pale mguu usipokuwepo. Angalia nyayo za wanaocheza, kisha viuno vyao, kwa utaratibu huo. Nyayo ndizo zinazotunza pigo, na viuno ndivyo vinavyolijibu.

Liko kosa la pili, pacha wa la kwanza: kudhani sauti ya kwanza ndiyo moja. Mwalimu wa kwaya ananiletea wimbo wa ngoma alioutia kwenye solfa, yale maandishi ya do-re-mi, na mstari wa baa ameuchora mbele ya silabi ya kwanza kwa sababu wimbo unaanzia hapo. Rudi kwenye ndizi. Unaanza na "ni", lakini moja iko kwenye "zi", mikono inapokutana. "Nipe ndi" yote ni ya kuingilia. Ukiiweka moja kwenye "ni", kwaya itaimba nota zote sawasawa na bado wazee watatikisa vichwa. Watasema wimbo "umevaa kinyume", na watakuwa sahihi.

Na hapa wanakwaya wananishangaza, kwa kuwa jibu wanalo kwenye karatasi zao. Solfa, ile iliyoenezwa na John Curwen wa Uingereza katika karne ya 19 na ambayo makwaya yetu yanaiandika hadi leo, inatenga nafasi kwa kila pigo. Nuktambili inatenga pigo na pigo. Kistari kinasema endelea kushikilia nota uliyo nayo. Na pigo ambalo sauti yako haiimbi linaachwa tupu: nuktambili, nafasi, nuktambili. Pigo lisilo na sauti, limeandikwa wazi. Mwanakwaya analisoma kila Jumapili, analihesabu, anaingia kwa wakati, kisha Jumatatu ananiambia hakuna pigo bila ngoma.

Wanafunzi wa fasihi nao nawaomba wasinichanganyie mizani na mapigo. Mstari wa shairi wenye mizani 16, nane kwa nane, umehesabiwa silabi. Mwimbaji mmoja ataweka silabi mbili kwenye pigo moja, mwingine atavuta silabi moja kwa mapigo matatu, na mizani itabaki 16. Mahadhi ndiyo yanayoamua mapigo, na shairi moja huimbika kwa mahadhi mengi.

Mwendo nao una mtego wake. Kijana ananiambia singeli yake ina 220 kwa dakika, kama programu ilivyomwonyesha. Sawa, programu imehesabu kitu. Lakini hatua za gwaride ni kama 120 kwa dakika, na miguu mingi inastarehe jirani na hapo. Nikisimama uwanjani nawaona wachezaji wengine wakikanyaga 110, nusu kamili ya namba yake, huku mabega yakichukua ile 220. Pigo ni lipi? Kijana anataka nimpe namba moja. Mimi nasema muziki una ngazi, na mchezaji anachagua ngazi ya kusimama. Simu haiwezi kumchagulia.

Yapo yanayonisumbua mimi mwenyewe. A. M. Jones, mmisionari Mwingereza aliyefanya kazi Zambia, alishikilia kwamba katika ngoma zetu kila mpigaji ana moja yake, na hizo moja hazikutani. Kofi Agawu wa Ghana amempinga kwa nguvu: pigo ni moja la wote, miguu ya wachezaji inalionyesha, na mtaalamu anayeona mengi amesahau kuangalia chini. Yote niliyoandika hapa yananiweka upande wa Agawu, na darasani nafundisha hivyo. Lakini nimewahi kupiga ngoma mpaka alfajiri, na saa fulani mikono imeshachoka kufikiri, nikahisi mbili na tatu zote zimesimama, hakuna iliyo mgeni wa mwenzake. Siwezi kuliandika hilo ubaoni. Siwezi pia kusema halikutokea.

Na kayamba. Nafundisha kwamba pigo la sita kwa nane limegawanyika chembe tatu zilizo sawa. Siku moja nikamrekodi mpigaji mzuri wa kayamba, mwanamke anayelipiga tangu utotoni, nikayakuza mawimbi ya sauti kwenye kompyuta nipate kuwaonyesha wanafunzi zile chembe tatu. Hazikuwa sawa. Ya kwanza ilikuwa ndefu kidogo, ya kati imebanwa, na hivyo hivyo kila mzunguko, kwa usahihi ambao mimi sina. Nikazisogeza kwa programu zikawa sawa kama kitabu kinavyotaka, nikamchezea.

Alisikiliza kidogo, akavua vipokea sauti. "Huyu nani?" akaniuliza.

Nimeyahifadhi mafaili yote mawili. Ubaoni bado naandika chembe tatu zilizo sawa, kwa sababu sijapata namna nyingine ya kuanza, na kila ninapoziandika nalisikia lile kayamba.