Kwa nini hela ya fidia ya ajali kazini haikatwi kwenye mshahara wako?

Hebu toa slipu yako ya mshahara uiangalie vizuri. PAYE ipo, NSSF ipo, kama ulisoma kwa mkopo basi na Bodi ya Mikopo wamo, ila WCF, yaani mfuko wa fidia ya ajali kazini, huioni. Hawajasahau. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi Tanzania Bara Julai 2015, unachangiwa na mwajiri peke yake, sasa hivi ni 0.5% ya mshahara, yaani kama unalipwa laki sita bosi anatoa elfu tatu yake pembeni na sheria inamkataza kukukata wewe hata mia.

Huruma hiyo? Wapi! Hapo kuna dili la zamani kidogo, na ukitaka kuliona vizuri nenda Marekani ya mwaka 1911.

Kabla ya hapo, jamaa akikatwa vidole na msumeno kiwandani ilibidi amshtaki tajiri yake, na tajiri alikuwa na visingizio vitatu: ulizembea mwenyewe, au aliyekosea ni mfanyakazi mwenzio kamdai yeye, au ulijua kazi ni ya hatari na bado ukaikubali. Wengi walirudi nyumbani mikono mitupu na vidole havipo. Lakini na bosi naye halali, maana siku mahakama ikimwonea huruma huyo kilema anaweza akaamriwa kulipa fidia kubwa mpaka kiwanda kikayumba. Kwa hiyo wote wawili walikuwa wanacheza kamari.

Ndo wakapeana. Mfanyakazi anaachia haki yake ya kumburuza bosi mahakamani, bosi anaachia visingizio vyake, ukiumia kazini unalipwa bila kuulizana nani kakosea, ila unalipwa kwa kiwango kilichopangwa, zile hela kubwa za kufidia maumivu usahau. Na kwa vile hii bima inamkinga bosi na kesi, analipia yeye.

Haikupita kirahisi. Tarehe 24 Machi 1911 mahakama ya juu ya jimbo la New York ilifuta sheria ya namna hiyo, eti unamtozaje mwajiri ambaye hana kosa. Kesho yake, kwenye jiji la New York, kiwanda cha nguo cha Triangle kikaungua, wakafa watu 146, wengi wao mabinti washonaji, mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa na wengine waliruka madirishani kutoka ghorofani. Mei mwaka huohuo jimbo lingine, Wisconsin, wakaja kijanja, wakasema mwajiri hatulazimishi, ingia ukitaka, ila ukibaki nje baadhi ya vile visingizio tunakunyang'anya.

Hukohuko Wisconsin mpaka leo kuna baraza la watu watano wa waajiri na watano wa wafanyakazi, watu wa bima wanakaa nao ila kura hawana. Wanavutana wee, wakikubaliana ndo muswada unapelekwa bungeni, na kwa kawaida wabunge wanaupitisha tu. Lakini mwaka 2014 iligoma, mabosi na wafanyakazi wote walikuwa wameshakubaliana bei za matibabu ya majeruhi ziwekewe ukomo, kumbe hawajaongea na wenye hospitali, hao wakaupinga na muswada ukafia hapohapo.