Msinilete niwatulize wafanyakazi wenu

Wiki iliyopita nimepigiwa simu tena. Mkurugenzi wa kampuni moja hapa Dar es Salaam anataka niwafundishe watu wa huduma kwa wateja nusu siku ya umakinifu, yaani mazoezi ya kutulia na kutazama pumzi na mawazo yako, "watulie, waache kuipinga akili mnemba." Nimechoka na ombi hili.

Jon Kabat-Zinn alipoanzisha mafunzo yake ya umakinifu Massachusetts, Marekani, mwaka 1979, alipokea wagonjwa wenye maumivu sugu. Kwa wiki kadhaa (leo mafunzo hayo huchukua wiki 8) walijifunza kuyatazama maumivu yao bila kuyakimbia. Leo naombwa kinyume chake: mhudumu analalamika kwamba mfumo wa akili mnemba haumwelewi mteja anayeandika Kiswahili cha mtaani, nami nimwambie afumbe macho avute pumzi. Jamani, huyo amekuletea taarifa! Hata yule anayehofia kibarua chake ameuliza swali la haki: nabaki au naondoka? Pumzi haijibu swali hilo. Mwajiri ndiye mwenye jibu, na anapaswa kulitoa kabla ya kuniita.

Anayehitaji mazoezi kwanza ni bosi. Muuzaji wa programu akimwambia washindani wameshanunua, kifua kinabana na mkono unakimbilia kalamu. Hapo ndipo pa kujiuliza: ofisi inaihitaji, au naogopa kuachwa nyuma? Mbele ya skrini ni vilevile. Jibu likija limenyooka, tunaliamini. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York na ofisi yao walitozwa faini ya dola 5,000 baada ya kupeleka mahakamani kesi zilizotungwa na ChatGPT. Mmoja wao alikuwa ameiuliza kama kesi mojawapo ni ya kweli. Ikamjibu ndiyo, naye akaridhika.

Nina shaka zangu pia. Mwaka 2018 watafiti Andrew Hafenbrack na Kathleen Vohs walichapisha majaribio yaliyoonyesha kuwa kutafakari kulipunguza hamu ya kufanya kazi iliyo mbele, ingawa ubora wa kazi haukushuka. Wenzangu hawapendi kulitaja hilo. Na kwa mameneja ninaowafundisha, bado sijaweza kutenganisha faida ya pumzi na faida ya kuahirisha tu kutia sahihi mpaka kesho asubuhi.

Mkurugenzi nimemjibu kwamba nitakuja, ila wiki zote 8 akae darasani yeye mwenyewe, na wahudumu wapewe muda wa kumwonyesha mfumo unakosea wapi. Nasubiri simu yake.