Kijana amejifunza kinanda mwenyewe, je atafutiwe mwalimu? Tunayoambiana Bagamoyo na ukweli wake

Hapa Bagamoyo makanisa mengi yana kijana anayepiga kinanda ambaye hakuna mtu aliyekaa chini kumfundisha. Alianza kukaa nyuma ya mpiga kinanda mkubwa siku za mazoezi ya kwaya, wakubwa wakitoka kupumzika yeye anagusa gusa, mara unashangaa ndo anapiga misa nzima. Na kwenye vikundi vya taarab wapo wa hivyo hivyo. Hawa watoto wana vipaji kweli, tena vikubwa, ila ukithubutu kusema jamani huyu atafutiwe mwalimu, maneno yanaanza. Naomba niyajibu kwa sababu mengine yanawagharimu watoto wetu.

"Mwalimu atamuua kipaji"

Hili ndo linasemwa kuliko yote. Sasa kipaji cha huyu kijana ni nini? Ni sikio, anasikia wimbo mara moja anaupata, na hakuna sikio linalofutika kisa umeonyeshwa vidole vinavyokaa. Kinachoua hamu ya mtoto ni mwalimu mbaya, na wapo, yule anayemwambia kijana aliyekwisha kupiga ibada nzima kwamba marufuku kugusa wimbo wowote mpaka amalize kitabu cha kwanza. Huyo mkimbie siku hiyo hiyo. Mwalimu mzuri siku ya kwanza anasema hebu nipigie unachokipenda, ananyamaza, anasikiliza mpaka mwisho.

Na ujue anaangalia nini wakati anasikiliza. Siku moja kaa ubavuni mwa kijana wako, acha kumwangalia usoni, angalia mikono. Mara nyingi utakuta gumba la kulia linaning'inia nje ya kinanda halina kazi, kidole kidogo kimekakamaa kimesimama juu, kiwiko kimebanwa mbavuni, na muziki wote unatoka kwenye vidole vitatu. Mkono wa kushoto unagonga besi tu, noti moja moja. Kwa sababu ana kipaji vinamtosha kwa nyimbo anazozijua, na hapo ndo hatari ilipo maana hakuna anayestuka. Mwambie apige skeli ya C, yaani ngazi ya do re mi inayoanzia noti ya C, kwenda juu, noti nane tu. Aliyefundishwa mkono wa kulia anapiga kidole cha 1, 2, 3 (gumba ndo 1), halafu gumba linapita chini ya kiganja anaanza tena 1, 2, 3, 4, 5, sauti haikatiki. Huyu wetu anaruka. Polepole huwezi kugundua lakini wimbo ukichangamka noti zinamezwa, akiona zinamezwa anaongeza nguvu, akiongeza nguvu mkono unaanza kuuma, na sisi tunamsifu eti anajituma! Maumivu ya mkono sio dalili ya bidii, ni dalili kwamba kuna kitu kinafanyika vibaya na inabidi apumzike na arekebishwe. Mkono ukishazoea vibaya kwa miaka, kuugeuza ni kazi kweli kweli, ndo maana nasisitiza mapema.

"Huyu anapiga kii zote"

Mwambieni azime transpozi, kile kitufe kinachopandisha au kushusha sauti ya kinanda chote. Wengi wanapiga kila kitu kwenye kii ya C, yaani noti ya C ndo do ya wimbo, mwalimu wa kwaya akisema pandisha wanabonyeza kitufe na vidole vinabaki pale pale. Kii kubwa ziko 12, kijana anajua moja. Siku akikutana na piano ya mbao, ile isiyo na kitufe, kila mtu atashangaa. Kuna mtunzi mkubwa wa Marekani, Irving Berlin, naye karibu maisha yake yote alipiga kwenye kii moja, ile ya F yenye shapu, akawa na piano maalum yenye wenzo wa kuhamisha kii. Watu humtaja kama ushahidi kwamba shule sio lazima, ila hawasemi kwamba alihitaji watu wa kumwandikia nota za nyimbo zake. Kijana wako atamlipa nani?

"Wakubwa wote hawakufundishwa"

Erroll Garner, mpiga piano wa Marekani, hakujua kusoma nota na alipiga jazi dunia nzima, hilo ni kweli na siwezi kulificha. Lakini angalieni na wengine. Art Tatum, mpiga piano mwingine wa jazi wa Marekani ambaye alikuwa karibu haoni, wengi wanadhani alijiokotea tu, kumbe alifundishwa muziki kwao Toledo. Sviatoslav Richter, mpiga piano wa iliyokuwa Muungano wa Kisovieti, sehemu kubwa alijifunza mwenyewe, mpaka akafanya kazi ya kusindikiza waimbaji wa opera Odessa, na bado mwaka 1937 akiwa na miaka 22 akaenda Moscow kwa mwalimu Heinrich Neuhaus. Kwa hiyo na lile neno la "ameshachelewa" kwa kijana wa miaka 14 tuliache kabisa.

Na hapa kwetu, Mzee Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo aliyefariki 2003, watu wanasema yule alizaliwa nayo tu. Alizaliwa nayo ndiyo, lakini pia alijifunza kwa baba yake huko Ugogo. Kukaa na mzazi anayekurekebisha kila jioni ni kufundishwa tena kwa nguvu, tofauti ni kwamba halikuwepo darasa. Kijana wa kinanda nyumbani hana baba wa hivyo, ndo anatafutiwa.

"Akijua nota atasahau kupiga kwa sikio"

Hapana. Wanakwaya wetu wanasoma solfa, ile do re mi ya kuandikwa, na bado wanaokota nyimbo kwa sikio, wala hawajaharibika.

"YouTube inatosha"

Inasaidia sana, mimi mwenyewe nawaambia watazame. Ila video haikuoni. Haiwezi kusema rudi, hapo umeruka. Na kijana mwenye kipaji ana tabia moja, anapiga wimbo mwanzo mwisho, akifika pagumu anapapita kiujanja kwa kodi nyepesi, yaani noti chache zinazobonyezwa pamoja, na hakuna anayejua. Mwalimu anapasikia, anamrudisha pale pale, mkono mmoja kwanza, polepole, halafu yote miwili.

"Hatuna piano, na mitihani ni ya matajiri"

Kinanda cha funguo 61 kinatosha kuanzia. Piano kamili ina 88 na funguo zake ni nzito, atakuja kuihitaji baadaye, sio leo. Na mitihani ya gredi ya Uingereza, ile ya ABRSM ya 1 mpaka 8, sio lazima hata kidogo, mtoto anaweza kufundishwa miaka bila kufanya hata mmoja.

Mji huu una chuo cha sanaa tangu 1981, sasa kinaitwa TaSUBa, kwa hiyo ulizia pale nani anajua kinanda na anaweza kukaa na mtoto nusu saa kwa wiki. Ongea naye bei bila aibu. Ukimpata, kaa kwenye somo la kwanza usikilize nani anaongea zaidi, na jioni muulize kijana kama anataka kurudi.