Malighafi mara tatu? Hapana

Juzi nimeulizwa tena: "Bei si ni malighafi mara tatu tu?" Nimechoka kulijibu swali hili kwa mdomo, basi naliandika jibu.

Chukua mkoba mmoja wa ngozi, kwa sarafu yoyote. Ngozi, uzi, nta na vifungo: 10. Saa sita za kukata, kutoboa, kushona na kusugua kingo mpaka zing'ae, kila saa 5: 30. Gundi, umeme na vipande vilivyoharibika: 5. Jumla 45. Hiyo "mara tatu" inakupa 30, maana yake umemshonea mteja saa tatu bure. Na ngozi usihesabu kile kipande ulichotumia peke yake. Ya tumboni inavutika, haifai kubeba uzito, na makovu ya miiba utayakwepa. Yote umeyanunua.

Sasa duka, na hapa ndipo uvumilivu unaponiisha. Duka linapokea mali kauli, yaani linakulipa likishauza, na linakata asilimia 40. Fundi anaongeza asilimia 40 juu ya 45, anapata 63, analala usingizi. Asilimia 40 ya nini? Duka halikati kwenye gharama zako, linakata kwenye bei ya rafuni! Asilimia 40 ya 63 ni 25.2, mkononi unabaki na 37.8. Unatakiwa kugawanya: 45 kwa 0.6, upate 75. Hapo umerudisha gharama na ujira, faida bado hujaiweka. Na bei ya dukani iwe ndiyo bei yako hata nyumbani. Mimi niliwahi kuuza chini ya bei ya duka, nikarudishiwa mikoba yangu yote, na duka lilikuwa na haki.

Kinachonisumbua mpaka leo ni saa. Mkoba wa kwanza wa muundo huu ulinichukua saa tisa, sasa sita. Je, bei ishuke kwa kuwa mkono umekuwa mwepesi? Nimekataa, kwa sababu wepesi huo nimeuhangaikia miaka. Ila mteja ananunua mkoba, hanunui miaka yangu, na sina hakika kama niko sawa.

Mshono wa mkono wa sindano mbili, moja kila ncha ya uzi, nao ni hivyo hivyo: unakula saa. Uzi ukikatika upande mmoja, wa pili unashika. Wa mashine huanza kufumuka. Wapo wanaoupapasa mshono, wakalipa bila neno. Wapo wanaoomba nipunguze. Hao siwapunguzii, nawashonea pochi ya kadi, saa moja na nusu, kwa mshono uleule.