Msiniambie tena kwamba jini hana kabila

Kazi yangu ni kupitia skripti na kutafuta waigizaji wa filamu zinazopigwa Lamu na Malindi, na kuna neno moja limenichosha. Prodyuza anataka vichekesho vya mapenzi vyenye jini ndani. Namuuliza jini huyo ni wa wapi, anasema lugha gani, nyumba inayomwogopa ni ya watu gani. Jibu ni lile lile: "Hii ni hadithi ya kubuni, jini hana kabila, weka yeyote." Na yeyote huyo, kila mara, huwa binti mweupe mwenye nywele za kumiminika.

Kwanza si kweli. Muulize mtu mzima wa pwani hii aliyewahi kuhudhuria ngoma ya pepo. Kuna pepo wa Kiarabu, wa Kihabeshi, wa Kibuki (yaani wa Madagaska), wa Kimaasai, na kila mmoja ana ngoma yake, lugha yake na madai yake. Huyu ataka uvumba na marashi, yule ataka nguo ya rangi aijuayo mwenyewe. Bandari zilijaa watu wa kila nchi, na ulimwengu wa pepo nao ukajaa watu hao hao. Jini mahaba, anayempenda mwanadamu na kumwonea wivu hata kumvunjia ndoa, tunaye tangu zamani. Filamu yenyewe hiyo hapo: mapenzi, miujiza na kichekesho. Halafu mtu anakuja na jini wa chupa na matakwa matatu, anamtia katika nyumba ya mawe ya Mkomani, mtaa wa kale wa Lamu, kwa sababu zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zinapendeza kwenye kamera.

Na hao wasemao kiumbe wa kubuni awe yeyote, walikuwa wapi mwaka 2019, Disney ilipotangaza kwamba Halle Bailey, binti mweusi wa Marekani, ataigiza nguva Ariel? Filamu ilitoka 2023, lakini kelele za kwamba nguva hawezi kuwa mweusi zilianza siku ile ile.

Wanaonikera zaidi ni walioelewa nusu. Hawa huhesabu vichwa: Mbajuni yupo, Mgiriama yupo, Muorma yupo, mwenye kiti cha magurudumu yupo, basi tumemaliza. (Huyo wa kiti, jini humponya mwishoni ili apate kuoa. Tafadhali, acheni.) Katika vichekesho vya mapenzi kuonekana si kitu. Mimi natazama mambo mawili: nani anatakwa, na nani anayechekesha kwa akili yake. Nani anatungiwa shairi, nani anavishwa kikuba cha asumini?

Chukua skripti iliyo mezani kwangu. Kuna Kadzo, mfanyakazi wa nyumbani Mgiriama. Kila akitokea ameshika sinia. Akimwona jini, sinia chini, glasi vipande, ukumbi ucheke. Hana ampendaye, hana alitakalo, hata ndugu hana. Nimeandika pembeni: binti aliyekulia kwenye boma lenye vigango, nguzo za mbao za kuwakumbuka wazee wake waliokufa, hazimii kwa kuona jini. Ataweka sinia mezani polepole, amtazame, amwulize, "Wewe una shida gani?" Wenye nyumba ndio wapande juu ya vitanda. Glasi zivunjike zile zile, ila wazivunje wao. Na jini, baada ya miaka mingi ya kukimbiwa, ampende aliyemsemesha. Hapo ndipo mapenzi yanapoanzia, na skripti iliyapita bila kuyaona.

Lugha nayo. Kijana wa Amu, yaani Lamu, hambembelezi mchumba kwa Kiswahili cha taarifa ya habari. Mwacheni aseme "ndoo" (njoo) na "mato yako" (macho yako), mtazamaji wa Nairobi ataelewa.

Lafudhi ndiyo inayonitatiza. Nataka Mgiriama aigizwe na Mgiriama, lakini nikishikilia hivyo kila mara, nitakuwa nimemfungia mwigizaji huyo milele kwenye nafasi za Wagiriama, ilhali anaweza kuwa daktari, sultani au jini mwenyewe. Tena lafudhi huchekesha kweli, na nyumbani kwetu tunaigana na kucheka pamoja. Mpaka kati ya utani na dharau naujua nikiusikia, lakini kuuandikia kanuni sijaweza.

Kuna zito zaidi. Majini wametajwa katika Qurani na wana sura yao, ya 72. Kwa watazamaji wengi wa Lamu, huyu si kiumbe wa kubuni hata kidogo. Onyesho la mwalimu akiandika kombe, yaani aya za Qurani za kuoshwa na kunywewa na mgonjwa, kwa zafarani kwenye sahani ya kaure, kisha mgonjwa analitema kwa kichekesho, mimi nililikataa. Mwenzangu, Muislamu wa hapa hapa kama mimi, aliona halina ubaya, kwamba anayechekwa ni mgonjwa, si maandishi. Hoja yake ina uzito, na bado sitaki lipigwe. Onyesho la Kadzo ndilo ninaloligombania wiki hii, kabla kamera hazijashuka jetini.