Akaunti Inayofungwa Kila Mara: Dhana Potofu na Ukweli

Katika ofisi zinazotumia Windows na Active Directory, mfumo wa Microsoft wa kusimamia akaunti za watumiaji kutoka sehemu moja, mtumishi ambaye akaunti yake imefungwa asubuhi, ikafunguliwa, kisha ikafungwa tena kabla ya chai ya saa nne, huonekana kuwa ndiye mwenye kosa. Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote: kwamba amesahau nywila au anaiandika vibaya. Hilo hutokea, lakini aliyesahau hukosea mara chache kisha akaomba msaada. Akaunti inayofungwa kila baada ya nusu saa, hata mwenyewe akiwa kikaoni, haifungwi na vidole vyake. Kuna kifaa au programu iliyohifadhi nywila ya zamani na inayoendelea kuiwasilisha kwa seva: simu inayovuta barua pepe za ofisi, folda ya mtandao iliyounganishwa kwa nywila iliyohifadhiwa, huduma inayoendeshwa kwa jina la mtu, au kompyuta ya mbali ambayo mtumiaji alifunga dirisha lake bila kutoka kwenye akaunti.

Dhana ya pili huleta hasara zaidi kwa sababu huishi ndani ya vitengo vya TEHAMA vyenyewe, nayo ni kwamba dawa ya kufungwa ni kubadilisha nywila. Tangu Windows Server 2003, pale historia ya nywila inapotunzwa, seva ikipokea nywila isiyo sahihi huilinganisha kwanza na historia hiyo, na ikiwa ni mojawapo ya mbili zilizotangulia ile ya sasa, haiihesabu kuwa kosa. Kwa hiyo kifaa kilichosahaulika chaweza kuwasilisha nywila ya zamani bila kufunga akaunti, hadi nywila itakapobadilishwa mara ya tatu. Ikumbukwe pia kwamba kumpa mtumiaji nywila ya muda na kumtaka aweke yake ni mabadiliko mawili tayari.

Niliwahi kumhudumia mhasibu aliyerudi likizo akiwa kweli amesahau nywila yake. Alipewa ya muda, akaweka yake, akaisahau, akapewa nyingine. Tangu hapo akaunti ikawa inafungwa kila baada ya dakika 20 hivi, na mwenzangu alikuwa tayari kumbadilishia tena. Nilifungua kumbukumbu za usalama kwenye seva ya domeini (inayohakiki nywila za ofisi nzima) yenye jukumu la PDC Emulator, ambako taarifa za kufungwa hukusanyika, nikatafuta tukio namba 4740, linaloandikwa akaunti inapofungwa. Tukio hilo hutaja jina la kompyuta lilikotoka ombi, na jina lililokuwepo lilikuwa la mashine ya chumba cha mafunzo ambayo hakuwa ameigusa kwa miezi. Kwenye mashine ile, tukio namba 4625, la jaribio la kuingia lililoshindwa, lilionyesha aina ya 4 ya kuingia, yaani kazi iliyopangiwa ratiba. Kazi yenyewe ilikuwa ya kunakili ripoti kila baada ya dakika 5, na kikomo cha ofisi, yaani idadi ya makosa yanayofunga akaunti, kilikuwa makosa 5, hesabu ikajieleza. Tuliihamishia kwenye akaunti maalumu ya huduma, na nywila ya mama yule haikuguswa tena.

Jina la kompyuta lililo kwenye tukio 4740, hata hivyo, si lazima liwe la mkosaji mwenyewe. Simu ikiwa ndiyo chanzo, mara nyingi litaonekana jina la seva ya barua pepe, na hapo msako huendelea kwenye kumbukumbu za seva hiyo.

Wapo wanaoamini kuwa kuzima na kuwasha kompyuta kunatosha, ilhali huduma na kazi za ratiba huamka pamoja na mashine. Wengine hufuta akaunti na kuunda nyingine yenye jina lile lile. Akaunti mpya hupata kitambulisho kipya cha usalama, ambacho ndicho ruhusa hufungamana nacho badala ya jina, na ruhusa zote zilizotolewa moja kwa moja kwa akaunti ya zamani hupotea.

Ipo pia hofu kwamba kufungwa ni dalili ya kudukuliwa. Haipaswi kupuuzwa, kwa maana kirusi cha Conficker, kilichoanza kusambaa mwaka 2008, kilifunga akaunti nyingi kwa kubahatisha nywila. Lakini dalili yake ni akaunti nyingi kufungwa kwa pamoja. Mshambuliaji makini hujaribu nywila moja au mbili kwa watumiaji wengi ili asifikie kikomo, kwa hiyo huenda asifunge akaunti hata moja.

Mwisho ni wale wanaoweka kikomo kuwa 0 ili simu za malalamiko zikome. Zitakoma kweli, kwa kuwa thamani hiyo humaanisha akaunti haitafungwa kamwe. Kazi kama ile ya mhasibu itaendelea kushindwa kila baada ya dakika 5, na anayebahatisha nywila atajaribu bila kuzuiwa.