Je, wajua kwa nini jani huchomwa kwanza ndipo lipimwe madini?

Mmea wa kishona nguo hujiotea shambani, hutumika kama dawa ya vidonda, na sungura huupenda. Mtaalamu anayetaka kujua kama unafaa kuchanganywa kwenye chakula cha mifugo hukausha majani, huyasaga, kisha huyachoma kwenye tanuri kwa nyuzi 500 hivi za Selsiasi hadi libaki jivu.

Si ndiyo kuharibu kinachotafutwa? Tumezoea kusikia kuwa moto unaua virutubisho, na kwa vitamini ni kweli. Protini nazo huteketea. Lakini zinki na shaba ni elementi, yaani kila moja ina atomu za aina moja tu. Moto huvunja vifungo kati ya atomu, hauvunji atomu. Magharibi mwa Kenya watu huchuja majivu ya maganda ya maharage wakapata munyu, chumvi ya kienyeji: madini yake yalikuwemo tangu mwanzo. Mkorofi ni seleni, elementi nyingine, ambayo hugeuka mvuke ikatoroka. Kwa hiyo, wanaoitafuta huyeyusha jani kwa asidi ndani ya chombo kilichofungwa.

Jivu nalo huyeyushwa kwa asidi, likapulizwa kwenye mwali wa gesi. Hapo hutumika mbinu aliyoieleza Alan Walsh wa Melbourne mwaka 1955: kutafuta zinki, unawasha taa yenye zinki ndani yake! Taa hiyo hutoa mwanga ambao atomu za zinki huunyonya, nyingine huuachia upite. Fikiria kituo chenye umati. Ukipitisha daladala tupu za Mbagala pekee, wa Mwenge hawatapanda. Hesabu viti vilivyojaa, utajua abiria wa Mbagala ni wangapi bila kumuuliza mtu. Mwanga uliopungua ndio viti vilivyojaa.

Chuma kikionekana kingi kupita kiasi, shuku vumbi kabla ya kuusifu mmea. Gramu 10 za udongo wenye chuma asilimia 4, zikiganda kwenye kilo ya majani makavu, huongeza miligramu 400. Jani lenyewe mara nyingi lina kama 100.

Hata namba safi haisemi mnyama atapata nini. Huko Somerset, Uingereza, ng'ombe waliharisha kwenye malisho mazuri hadi mwaka 1938 ilipobainika kuwa chanzo ni madini ya molibdeni. Tumboni, molibdeni pamoja na salfa huishika shaba isitumike. Dawa ilikuwa salfeti ya shaba, ingawa nyasi zenyewe hazikukosa shaba.